Kumbe ilikuwa njaa ya umeme

Saa tano usiku sahizi, huku Mwanga kumetulia, mbwa wa jirani tu ndo bado yuko kazini, na mimi nacheka mwenyewe kama kichaa maana vile vidude vimeanza kuongea.

Nirudi nyuma kidogo. Simtanki la mama liko kule juu kwenye mwinuko nyuma ya nyumba, mita kama 40 hivi toka jikoni, na kila jioni lazima mtu apande akaligonge gonge kwa ngumi asikie maji yameishia wapi, mtu mwenyewe ni mimi au mama, na magoti ya mama mnayajua. Nikasema basi, nina Arduino Nano mbili za Kichina, vile vibodi vidogo vya kompyuta unavyovipangia kazi mwenyewe, na vile viredio vya nRF24L01 nilivyoagiza Kariakoo vikaja na basi, moja iende juu na sensa ya kupima maji, nyingine ikae jikoni na taa tatu, kijani, njano, nyekundu. Kazi ya jumapili moja, nikajidanganya.

Siku nne bana. Waya nimeunganisha zote, kila moja kwenye pini yake, umeme kwenye 3.3V maana kile kiredio ukikipa volti 5 umekiua. Hapo hapo mezani, meseji moja inafika kumi zinapotea, mara kimya kabisa. Nikajua tu kosa liko kwenye kodi, yale maelekezo ninayoiandikia Arduino. Nikafuta, nikaandika upya, nikashusha spidi mpaka kbps 250, nikahama chaneli ya 76 kwenda 108 nikidhani wifi ya jirani ndo inaniingilia, si zote ziko GHz 2.4, wapi. Mama kunisikia nalalamika kodi, kodi, akaja mlangoni, "Kodi gani tena mwanangu, nyumba si yetu hii?"

Jana usiku nikakishika kimoduli, yaani kile kiredio, kwa vidole, nia ni kukichomoa nikitupe, meseji zikaanza kumiminika. Nikaachia, kimya. Nikashika, hizooo. Nilikaa hivyo na kidole changu kama dakika kumi, nimekuwa sehemu ya mtambo.

Leo asubuhi nikakipeleka kwa mzee mmoja fundi redio kule sokoni, Arduino hajawahi kuigusa maishani. Kodi hata hakuiulizia. Kakigeuza mara mbili, kauliza umeme kinakula wapi, nikamwonyesha.

"Kijana, hiki kina njaa. Kikitaka kupiga kelele umeme unayumba."

Akanyofoa kapasita, kile kidude cha kutunza umeme kidogo, kwenye bodi ya redio mbovu, mikrofaradi 47, volti 16, akaichomelea kwa risasi moja kwa moja kwenye miguu ya VCC na GND ya kimoduli, yaani chanya na hasi, ule upande wenye mstari ukae GND. Dakika tano! Hela kakataa, eti nikipita tena nimletee dagaa. Na ni kweli, hizi Nano zangu ile 3.3V inatoka kwenye chipu ya USB, nguvu yenyewe ya kuungaunga, redio ikianza kurusha inavuta umeme kwa kushtukiza na volti inaporomoka, kapasita ndo inakuwa akiba ya karibu ya kuziba hilo pengo. Hiyo nimeisoma mara ngapi sijui, nikaruka maana nilikuwa na haraka ya kwenda kwenye kodi.

Jioni nikafunga vyote. Meseji inakuja kila sekunde 10, hairuki hata moja, ukuta katikati na kila kitu. Jikoni ikawaka nyekundu. Nikamwita mama kwa mbwembwe, nikamweleza, kijani limejaa, njano nusu, nyekundu linaisha, akaitazama ile taa muda mrefu.

"Kwahiyo hii inasema yameisha?"

"Yanaisha mama, ndiyo."

"Haya," akasema, akachukua tochi, akapanda juu kugonga.