Maji ya beseni yanaenda wapi?

Jamani wachovya batiki wenzangu, kila mtu anaposti kitambaa kikiwa kwenye kamba kinang'aa, ila yale maji ya beseni yameishia wapi hakuna anayeonyesha. Huku kwetu Dar yanamwagwa mtaroni, mtaro unaingia mto Msimbazi, Msimbazi unaingia baharini, basi.

Mi naona ukienda kununua rangi usianze na bei, anza na kiasi gani kitabaki kwenye kitambaa. Chukua zile za riaktivu tunazochanganya na chumvi na magadi soda, ukishazitia kwenye maji zinagombaniwa, pamba inazitaka na maji nayo yanazitaka, na ile iliyonaswa na maji ndo imetoka hiyo, haishiki tena hata ukiloweka usiku kucha, ndo maana unasuuza weee maji bado ya bluu. Kuna zinazoshika asilimia 50 tu, zilizo bora zinafika 90, sasa hapo rahisi ni ipi wakati nusu ya hela yako umeimwaga? Na chumvi yenyewe, gramu 50 mpaka 80 kwa lita ni kawaida, kitambaani haibaki hata chembe.

Rangi za vati, zile ambazo haziyeyuki kwa maji matupu, zinashika vizuri, asilimia 80 mpaka 95, na hazichuji ovyo. Shida yake ni kemikali kali za kuziyeyushia, kostiki na haidro, kwahiyo yale maji usiyakimbilie kuyamwaga, tia kitambaa kingine upate rangi mpauko, wateja wengine ndo wanayoitaka.

Halafu kuna watu wa "rangi za asili tu". Sawa, bizari ya manjano inapendeza ila jua likiipiga inapauka, na ukitaka rangi ishike kuna wanaotumia kromiamu ambayo ni sumu kabisa, bora shabu. Magamba ya mkoko nayo yanatoa kahawia nzuri sana lakini ukiubandua mti mzima unakufa, hapo umeokoa nini?

Ninachokiogopa zaidi ni vile vimfuko visivyo na lebo. Ulaya kwa sheria ya 2002 walipiga marufuku kwenye nguo rangi za azo zinazoweza kuvunjika zikatoa vitu kama benzidini, vinavyoleta kansa. Kwenye kimfuko utajuaje? Mi nadai nioneshwe kopo lenyewe nisome jina, muuzaji akiniambia "we chukua tu dada, hii ya Ujerumani", naaga.