Saa ya nahodha

Kitabu changu cha watoto kina kurasa 24, paka mmoja, mbwa mmoja na gunia la dagaa lililopotea. Kuandika maneno yake hakukunisumbua sana. Kilichonitoa jasho ni picha moja ya ukurasa wa tisa.

Wazo lilianzia barazani kwetu Ujiji. Watoto wa nyumbani walishachoka na sungura na fisi, kwamba mjanja anajulikana kabla hujafungua mdomo. Nikataka kisa ambacho mwizi wamtafute wao wenyewe. Nikamchukua paka wetu Kuhe (ndiyo, tumempa jina la samaki), nikamtungia mwenzake, mbwa Reli aliyeokotwa stesheni ya Kigoma, nikawapakia wote kwenye boti la mizigo pale Kibirizi, safari Bujumbura. Huko ni ng'ambo kweli, hela nyingine na bendera nyingine, lakini mtaa wa Buyenzi watu wanaongea Kiswahili, kwa hiyo sikuhangaika kueleza paka wa Ujiji amewaelewaje wenyeji. Mtoto mmoja wa darasa la nne alinibana: mbwa amevukaje mpaka bila cheti cha chanjo ya kichaa? Tukamning'iniza nacho shingoni, yakaisha.

Kisa chenyewe: gunia limeibwa ghalani huko Bujumbura, na lawama zote ziko kwa Kuhe, maana kesi ya paka na dagaa haihitaji shahidi. Ghala hufungwa saa moja jioni. Nahodha anaapa kwamba boti lake lilifika saa moja na nusu, angeingiaje? Na kwa saa iliyo mkononi mwake anasema kweli. Ila hiyo ni saa ya Kigoma, na Burundi wako nyuma yetu kwa saa nzima. Alipofika, kwao ilikuwa saa kumi na mbili na nusu, mlango bado wazi.

Hili nililipenda kwa sababu ni letu. Jua la Kigoma na la Bujumbura huzama karibu pamoja, tuko ziwa moja. Tofauti ni kwamba sisi tunafuata saa ileile ya Dar es Salaam iliyo mbali kule mashariki, ndiyo maana huku jua linachomoza saa moja asubuhi, watu wa pwani wameshakunywa chai. Mtoto wa Kigoma anaishi na jambo hili kila siku, hajawahi tu kuambiwa lina kazi.

Mchoraji wangu ni kijana anayeandika mabango ya maduka pale Mwanga. Mkono wake ni mzuri sana, lakini mabango yamemfundisha kueleza kila kitu kwa mara moja. Nahodha wa kwanza alikuja na macho mekundu, kovu shavuni na kofia imeshushwa. Niliwaonyesha watoto, hata sijamaliza ukurasa wa pili wakasema, "Shangazi, mwizi si huyu?"

Nikarudi Mwanga. "Mdogo wangu, mchore kama baba wa mtu."

"Sasa dada, watamjuaje?"

"Saa ndiyo itamsema."

Akamchora upya, anatabasamu, anafunga kamba ya boti. Nyuma yake mgahawa wa Bujumbura wenye saa ya ukutani, ya kwao. Nikafurahi, mpaka nilipoitazama ile ya mkononi: saa nne na dakika kumi. Nikamuuliza ameitoa wapi. Kwenye bango la fundi saa, akasema, saa zote za kwenye mabango huchorwa hivyo zipendeze. Tulicheka, lakini karatasi ndiyo ilikuwa imeharibika.

Mara ya tatu alichora sawasawa nilivyomwagiza, na kosa likawa langu. Ikiwa saa kumi na mbili na nusu, mshale mfupi na mrefu karibu unalaliana. Watoto waliitazama ile ya ukutani wakasema mbovu, imebaki mshale mmoja. Basi nikamrudisha nahodha nyuma kidogo, akafika saa moja na robo. Mishale ikaachana, ikasomeka hata kwa mtoto wa darasa la tatu.

Karatasi sita za A4 zilizokunjwa katikati, pini mbili mgongoni, kopi kumi za kuanzia steshenari. Rangi iko kwenye jalada tu, ndani nyeusi na nyeupe, kwa sababu ya bei.

Jioni ya kuzisoma sikusema neno. Mpwa wangu alifika mwisho, akarudi ukurasa wa tisa, akaweka kidole kimoja kwenye mkono wa nahodha na kingine ukutani, akakaa hivyo muda mrefu. Kisha akamgeukia Kuhe mwenyewe, aliyekuwa amelala kwenye mkeka.

"Kumbe walikuwa wanakusingizia."