Wiki ya maji mafu

Wiki hii maji ni mafu, na nyumba nzima inalijua hilo kupitia kwa kaka yangu. Bahari isipokupwa sawasawa, vyombo havikai mchangani, visipokaa mchangani, hakuna kalafati, na pasipo kalafati, mwanamume wa miaka 38 anazunguka uani akiuliza, "Maji kupwa? Maji kupwa?" hadi adhana ya magharibi. Mama anamjibu kila mara kana kwamba ndiyo mara ya kwanza: "Yeo hakuna, mwanangu. Maji mafu."

Kaka ana usonji, yaani autism. Kazi yake ni kusokota pamba ambayo mafundi huishindilia kwenye nyufa za mbao kabla chombo hakijarudi majini. Mlio wa nyundo unamuumiza, kwa hiyo binamu yetu, ambaye ndiye fundi, alimtafutia kivuli mbali kidogo, akakaa huko na kapu lake. Nyuzi zake hutoka unene mmoja. Hapa Lamu wapo wanaosema ana kipaji, kama wapo wanaosema ana jini. Mimi naona ni mtu anayetaka leo iwe kama jana.

Sasa mwenye tabia hiyo umpe kazi inayofuata bahari! Kila siku maji huchelewa kwa kama dakika 50. Leo chombo kinakaa mchangani saa tatu asubuhi, keshokutwa ni karibu saa tano. Mwanzoni tulikuwa tukimwambia saa. Akifika pwani akakuta maji bado yamejaa, anapiga mayowe na kujipiga kichwani, na watu wanasogea kutazama, wengine na simu zao. Mama ndiye aliyekata shauri saa ziachwe kabisa. Kila usiku anachora kwenye ubao mdogo: uji, chombo, pamba, chakula, msikiti. Chombo kikiwa juu ya mchanga, kazi ipo. Asubuhi watashuka pamoja na kungoja maji yatoke. Kikiwa juu ya mawimbi, haipo. Mayowe hayakwisha, ila yalipungua sana. Baadaye mwalimu mmoja wa elimu maalumu alipouona ubao alisema ratiba za picha ndizo wanazotumia na wao. Mama akasema, "Haya," akaendelea kuchagua mchele.

Mama amesikia mengi. Alimnywesha kombe, alimfunga hirizi, na shangazi yetu mmoja mpaka leo anashikilia kwamba mtoto aliharibika kwa kutopakatwa vya kutosha. Lawama hiyo hata madaktari waliitoa. Daktari aitwaye Leo Kanner aliandika mwaka 1943 kuhusu watoto 11 wa Marekani wenye usonji, na kwa miaka mingi baadaye akina mama walisingiziwa ubaridi wa moyo. Utafiti uliifuta zamani: usonji ni namna ubongo unavyokua, na urithi una sehemu kubwa. Shangazi bado hajapata habari.

Mtoto wa kwanza katika maandishi yale aliitwa Donald Triplett. Alikua, akafanya kazi benki katika mji mdogo wa Forest, Mississippi, akacheza gofu, akazuru nchi nyingi, akafariki mwaka 2023 akiwa na miaka 89. Habari zake nazisoma kwa wivu. Wanasema mji wake ulimkubali, na sikatai, lakini benki yenyewe ilikuwa ya jamaa zake. Aliwekewa nafasi. Kaka amewekewa kapu, kivuli na binamu, na binamu ana sukari na magoti yamemchoka.

Hilo ndilo linaloninyima usingizi. Kila Aprili 2, siku ya usonji duniani, tunavaa buluu na wadogo wanapigwa picha. Vizuri. Ila na wao wataota ndevu. Ibara ya 54 ya Katiba ya Kenya ya 2010 haikuweka mwisho wa umri kwa haki za mwenye ulemavu, lakini nilipompeleka kaka ofisi moja kuulizia kadi ya ulemavu, karani alimtazama miguu, akamtazama mikono, akaniuliza, "Sasa huyu ana nini?" Kaka akaitikia, "Ana nini, ana nini," maana ndivyo azungumzavyo, kwa kurudia. Karani akadhani anafanyiwa mzaha. Tulirudi bila kadi.

Juzi nikamwambia mama tumfundishe mwengine kuchora, yeye naye si kijana. Binti yangu akajitolea. Kwa kuwa kazi haipo, alichora chombo juu ya mawimbi, rangi tele, kizuri kuliko vyote alivyowahi kuchora bibi yake. Kaka akautazama ubao, akaurudisha.

"Hii haina pamba."

Kweli. Mtoto alikuwa amechora boti ya faiba, yenye mashini. Mama alicheka mpaka akakaa chini. Leo usiku binti anajaribu jahazi, na bibi yake ametoa sharti: mlingoti uwepo, rangi zipungue.