Kadi ya Sauti kwa Kompyuta ya Zama za DOS

Kwa kompyuta yangu ya zamani yenye prosesa ya 486 nilichagua Sound Blaster 16, kadi ya ISA (aina ya zamani ya nafasi ya kupachika kadi) iliyotoka mwaka 1992, lakini kabla ya kulipa niliimulika kwa tochi hadi nikaiona chipu ya Yamaha YMF262 inayotengeneza muziki, kwa kuwa baadhi ya matoleo ya baadaye hayana chipu hiyo na muziki wake, kwa sikio langu, umepooza. Kuipachika ni kazi ya bisibisi moja. Kinachohitaji utulivu ni mstari huu wa mipangilio ya kadi katika AUTOEXEC.BAT, faili ambalo DOS, mfumo endeshi wa zamani, hulisoma kompyuta inapowaka:

SET BLASTER=A220 I5 D1 H5 T6

Siku ya kwanza niliandika I7 badala ya I5 (I ni namba ya IRQ, njia ambayo kadi huitumia kuiita prosesa), ilhali jampa ya kadi, yaani kiunganishi kidogo kinachopanga namba hiyo, ilikuwa kwenye 5. Muziki ukapiga vizuri, ila mlio wa bunduki wa mchezo ukawa unajirudia bila kukoma, hata paka akakimbia chumbani.