Fedha Zikipotea Kati ya Nchi Mbili

Mama mmoja anayelima vitunguu Mang'ola, karibu na Ziwa Eyasi, alikuja ofisini kwangu Arusha akiwa na simu mbili na karatasi iliyokunjwa mara nne. Mnunuzi wake wa Nairobi, ambaye wamefanya naye biashara misimu mitatu, alimtumia shilingi 84,000 za Kenya kutoka mtandao wa simu wa kwao kwenda mtandao wa huku kwetu, akakosea tarakimu moja ya namba. Fedha ziliingia kwa mtu asiyejulikana na zikatolewa siku hiyo hiyo. Kwenye karatasi ile mama alikuwa ameandika kwa kalamu ya buluu kila simu aliyopiga: saa, jina la aliyepokea, na jibu alilopewa. Mtoa huduma wa Kenya alisema muamala umekamilika na fedha zimeshatoka kwake. Wa Tanzania alisema malalamiko ya kutuma kimakosa hupokelewa kutoka kwa aliyetuma, na aliyetuma si mteja wake. “Sasa mwanangu,” aliniuliza, “hela yangu iko nchi gani?”

Nimekuwa wakili kwa miaka mingi, na sikuwa na jibu la haraka. Deni, kisheria, lilibaki kwa mnunuzi, na mnunuzi mwenyewe hakulikana. Ila hakuwa na 84,000 nyingine za kutuma.

Ukisoma Itifaki ya Soko la Pamoja la Jumuiya ya Afrika Mashariki, iliyosainiwa Novemba 2009 na kuanza kutumika Julai 1, 2010, utadhani swali hilo lilikwisha zamani. Ibara ya 16 inaruhusu huduma kuvuka mipaka, na huduma za fedha ni miongoni mwa sekta saba ambazo nchi zilijifunga kuzifungua hatua kwa hatua. Ibara ya 24 inataka vikwazo vya mitaji viondolewe. Inayofuata inaziachia nchi nafasi ya kujilinda kwa sababu za usimamizi wa mabenki na utakatishaji fedha, na nafasi hiyo naiona ni ya haki: Tanzania ilikaa kwenye orodha ya uangalizi ya FATF, chombo cha kimataifa cha kupambana na utakatishaji fedha, kuanzia Oktoba 2022 hadi Juni 2025, na Kenya ikaingizwa Februari 2024. Hakuna gavana wa benki kuu atakayelegeza ukaguzi katika hali hiyo.

Waliovuka mipaka mapema ni wakubwa, wengine hata kabla ya Itifaki. KCB ya Kenya ilifungua benki Tanzania mwaka 1997, na CRDB ya Tanzania ikavuka kwenda Burundi mwaka 2012, kila moja ikianzisha kampuni mpya yenye leseni na mtaji wa nchi ilikohamia, maana leseni moja inayotambulika Jumuiya nzima bado hatuna. Benki kuu nazo ziliunganisha mifumo yao ya malipo makubwa, hivi kwamba agizo la malipo likitoka benki ya Arusha hupitia mfumo wa TISS wa Benki Kuu ya Tanzania, likapokelewa na KEPSS wa Benki Kuu ya Kenya, kisha likafika benki ya Nairobi. Katika safari hiyo kila kituo kina mwenyewe, na fedha zikikwama unajua mlango wa kugonga.

Simu haziendi hivyo, na hapa ndipo ninapoomba msomaji anivumilie. Kenya ilitunga Sheria ya Mifumo ya Malipo ya Taifa mwaka 2011, Tanzania 2015, Uganda 2020. Ni sheria nzuri. Zinawataka watoa huduma waweke fedha za wateja benki, mbali na fedha za kampuni, ili kampuni ikifilisika salio la mteja lisiguswe. Lakini kila moja imeandikwa ikitazama ndani ya nchi yake. Mnunuzi wa Nairobi anapobonyeza kutuma, salio lake linapunguzwa Kenya, na salio jingine linaongezwa Tanzania kutoka kwenye fedha ambazo tayari ziko huku. Baadaye kampuni hizo mbili, au mtu wa kati aliyeziunganisha, hulipana kupitia benki. Kilicho katikati ya hatua hizo ni mkataba wa kibiashara baina ya kampuni, ambao mama wa Mang'ola hajawahi kuuona wala hataonyeshwa. Kwa hiyo swali lake lilikuwa zito kuliko alivyodhani.

Nionavyo, tiba yake ni ndogo kuliko Umoja wa Fedha wa Jumuiya, yaani sarafu moja kwa nchi wanachama, ambao ulilengwa mwaka 2024 na sasa umesogezwa hadi 2031. Inatosha benki kuu mbili zikubaliane kwamba mtoa huduma anayepokea fedha kutoka ng'ambo ya mpaka alazimike kuyapokea malalamiko ya mtumaji na ya mpokeaji aliyekusudiwa, azuie kiasi kinachobishaniwa mara tu anapoarifiwa, na ajulikane ni msimamizi yupi atakayepokea rufaa. Hilo halihitaji bunge lolote kukaa usiku.

Badala yake tumekuwa tukijenga kuta ndogo ndogo. Julai 2025 Tanzania ilitoa amri ya kuwazuia wasio raia kufanya biashara kadhaa, uwakala wa fedha za simu ukiwemo, na Wakenya wakalalamika kuwa Itifaki imevunjwa. Naelewa kilio cha vijana wetu juu ya ajira, na wana haki ya kusikilizwa. Ila amri ya namna hiyo inaamua nani akae kwenye kibanda cha wakala, wakati fedha zinazopita kibandani humo zinaendelea kukosa mlinzi.

Niliandika barua mbili za malalamiko, moja kwa kila upande wa mpaka, nikaambatisha nakala ya karatasi ile ya kalamu ya buluu. Upande mmoja umejibu kwamba unalishughulikia. Mama amerudi kupokea noti mkononi: hupanda basi hadi Namanga, hukutana na mnunuzi wake, huzihesabu mara mbili mbele yake, kisha huzifunga kwenye kanga kwa safari ya kurudi.