Vifaranga vya bata mzinga: siku tano za kwanza

Vifaranga vya bata mzinga wakianza kufa, watu hukimbilia duka la dawa za mifugo. Inanunuliwa antibayotiki, inatiwa kwenye maji, na vifo vinaendelea vilevile. Kabla ya kutoa hela, hesabu siku. Kama walianguliwa wazima, vifo vikaanza siku ya tatu na kukolea siku ya nne na ya tano, mara nyingi hiyo ni njaa. Kifaranga hutoka kwenye yai na mabaki ya kiini tumboni, na kiini hicho humtosha siku mbili, ikizidi sana tatu. Kikiisha hajajua kula wala kunywa, ndiyo basi. Mpasue mmoja uone: gole tupu, na firigisi haina kitu au imejaa maranda.

Kifaranga wa kuku ukimweka chini tu, anadonoa. Wa bata mzinga anaweza kusimama juu ya chakula akilia njaa. Kwa hiyo kazi ya siku mbili za mwanzo ni kufundisha, na ni kazi ya mikono. Waache kwenye mashine ya kutotolea mpaka wakauke vizuri, kisha wahamishie kwenye bruda, yaani kizimba chenye joto cha kulelea vifaranga. Kila mmoja mshike, mtumbukize ncha ya mdomo kwenye maji ya uvuguvugu, tundu za pua zisizame, ngoja ainue kichwa na kumeza, halafu rudia mara moja au mbili. Ndipo umweke kwenye chakula. Maji ya siku ya kwanza yanaweza kuwa na sukari, kijiko kimoja cha chakula kwa lita moja, hasa kama wamesafirishwa. Siku ya pili rudi kwenye maji matupu, maana sukari huita sisimizi, na sisimizi humaliza kifaranga mnyonge usiku mmoja.

Ndani ya chombo cha maji panga gololi za watoto, za rangi rangi. Zinafanya kazi mbili: kifaranga huvutwa na kinachong'aa, akidonoa gololi anakutana na maji, na kina kinapungua asizame. Wanazama kweli, hata kwenye maji ya sentimita tatu. Chakula kimwage kidogo kidogo kwenye trei za mayai za karatasi ngumu ulizokata vipande, uvisambaze pande zote za bruda ili popote anapogeuka akutane nacho. Gonga trei kwa kidole kila unapopita, wanakuja kwa sauti. Taa isizimwe usiku kwa siku tatu za mwanzo, kwani gizani hawali.

Jioni ya siku ya kwanza wapapase magole mmoja mmoja. Gole lenye chakula na maji ni laini na limejaa. Lililo gumu kama punje zimeshikana, huyo amekula bila kunywa maji. Lililo bapa, huyo mtenge na umlishe kwa mkono: yai la kuchemsha lililosagwa laini na kulowanishwa kidogo, chembe ndogo kwenye ncha ya kijiti. Wengi hukamata baada ya kulishwa mara chache.

Wapo wanaochanganya kifaranga mmoja wa kuku ili awe mwalimu. Inafanya kazi, lakini sisi hatuishauri, na sababu iko chini huko kwenye habari ya ini.

Sasa joto. Wiki ya kwanza wanataka nyuzi 35 hadi 37, zikipimwa usawa wa mgongo wao, si juu kwenye balbu. Kila wiki punguza kama nyuzi 3 mpaka ulingane na hewa ya nje. Kwa Tanga hapa hesabu inabadilika na msimu. Kaskazi ikivuma, Januari na Februari, mchana wenyewe hufika nyuzi 32 au zaidi, kwa hiyo kuanzia wiki ya pili balbu ni ya usiku na ya siku ya mvua. Juni na Julai ni habari nyingine, usiku unapoa na upepo wa kusi unapenya kila upenyo. Hapo usiidharau baridi ya Pwani. Balbu iwe ya waya ya zamani, wati 60 hadi 100 kwa vifaranga kumi hadi ishirini. Taa za LED hazifai, zinatoa mwanga bila joto. Umeme ukikatika, jaza maji ya moto kwenye chupa, zifunge kwa kanga chakavu, zilaze kati yao. Jiko la mkaa lililofunikwa kwa chungu hutumika pia, lakini chumba kiwe na dirisha wazi. Moshi usioonekana wa mkaa huua vifaranga, na huua anayelala nao.

Kipimajoto kizuri ni wao wenyewe. Wakirundikana chini ya taa wakilia kwa sauti kali, wanaona baridi. Wakikaa ukutani midomo wazi na mbawa zimelegea, wanaungua. Wakitawanyika, huyu anakula, yule amelala kajinyoosha, usiguse kitu. Bruda liwe la mviringo, la ubao mwembamba au bati, kimo nusu mita. Pembe ndiko wanakolaliana, wa chini wanakosa hewa. Juu weka wavu kuanzia wiki ya pili, maana wanaanza kuruka, na kwa sababu ya kunguru. Kunguru wa mji huu hawana aibu, wataingia mpaka barazani.

Sakafu inaangaliwa juu juu na inaleta vilema. Gazeti tupu linateleza, miguu inafunguka huku na huku na haifungi tena. Kiroba cha plastiki ni vilevile. Tanga tuna bahati ya katani: gunia la katani lililotandikwa juu ya gazeti hushika kucha vizuri. Lipinde kingo na kuzishona, nyuzi zinazoning'inia zitamfunga vidole au atazimeza. Ukiona miguu imeanza kutanuka siku ya kwanza, ifunge kwa kipande cha plasta, ukiacha nafasi ya upana wa mabega yake, siku mbili au tatu, mara nyingi hurudi. Baada ya wiki moja tandika maranda makubwa ya fundi seremala. Vumbi la mbao hapana, hulila wakidhani ni chakula na linaziba firigisi.

Jambo ambalo wafugaji wa Pwani tunalipa bila kujua ni chumvi. Kifaranga wa bata mzinga haivumilii kama kuku anavyoivumilia. Anavimba tumbo kwa maji, anahema, anakufa, na watu wanasema amerogwa. Inaingia kwa njia mbili. Ya kwanza ni kisima. Visima vingi vya karibu na bahari vina maji ya chumvi. Kama ukiyaonja unaihisi ulimini, usiwape, tumia ya bomba au ya mvua. Ya pili ni dagaa. Dagaa wa huku kwetu huchemshwa kwenye maji ya chumvi kabla ya kuanikwa. Hao ni wa mchuzi. Kwa vifaranga tafuta dagaa wa Mwanza, ambao huanikwa bila chumvi, ila wanakuja na mchanga, kwa hiyo wapepete na kuwachekecha kabla ya kusaga.

Dagaa wanatakiwa kwa sababu ya protini. Bata mzinga mchanga anataka kama asilimia 28 kwa wiki nne za mwanzo, na stata ya kuku, yaani chakula cha kuanzia vifaranga, ina kama 20. Ukichanganya kilo 4 za stata na kilo 1 ya dagaa waliosagwa unafika kama 27. Yai moja la kuchemsha kwa vifaranga kumi kwa siku, lililokatwakatwa laini na mchicha kidogo, huziba pengo. Yai lisikae zaidi ya saa moja au mbili kwenye joto hili, linachacha. Soya inafaa pia, lakini lazima ikaangwe kwanza, mbichi huzuia protini isitumike mwilini. Vitamini za maji wape mara mbili kwa wiki. Hitaji lao la niasini, mojawapo ya vitamini B, ni kubwa kuliko la kuku, na wakiikosa magoti huvimba na miguu hupinda.

Jambo la kusoma kabla hujanunua mfuko: stata nyingi za kuku zimetiwa dawa ya kuzuia koksidia, ugonjwa wa vimelea vya utumbo. Ikiwa ni salinomaisini, usiwape. Kwa kuku ni salama, kwa bata mzinga ni sumu, inalegeza misuli na moyo mpaka wanashindwa kusimama. Kwenye lebo itafute kwa jina linaloanza na s-a-l-i-n-o. Muuzaji asipojua, chagua stata isiyo na dawa. Koksidia ikitokea, tumia amproliamu kwenye maji kwa kipimo cha lebo. Usingoje kuona damu: kwa bata mzinga mara nyingi ni kuhara maji maji na utelezi tu, vifaranga wakijikunyata.

Kuhusu ini. Kuku wengi wa kienyeji hubeba mnyoo mdogo wa utumbo mpofu, na ndani ya mayai ya mnyoo huo kuna kimelea kinachoshambulia utumbo mpofu na ini la bata mzinga. Kuku mwenyewe anatembea mzima. Mayai hayo hukaa udongoni miaka, na nyungunyungu huyabeba. Bata mzinga akiyala anaanza kuzubaa, mbawa zinaning'inia, anaharisha kinyesi cha rangi ya manjano kama kiberiti, na ukimpasua ini lina madoa ya duara yaliyobonyea katikati. Tiba ya uhakika dukani hakuna. Ndiyo maana kifaranga wa kuku hafai kuwa mwalimu, na uwanja waliochakura kuku haufai kuwa wa kwao.

Watoke nje wakishafika wiki nane hivi, manyoya yamejaa, na si asubuhi yenye umande wala masika. Kichanja cha fito kilichoinuliwa nusu mita ni bora kuliko ardhi, kinyesi kinapita chini. Chanjo ya mdondo ya I-2, inayotengenezwa Kibaha, ni tone moja jichoni, rudia kila miezi mitatu. Ya ndui huchomwa kwenye paja na si kwenye ubawa, maana bata mzinga hulala kichwa kikiwa chini ya ubawa na chanjo inaweza kumwingia macho. Mpeleke kuchanjwa akiwa na miezi miwili au mitatu, na usiku funika bruda kwa chandarua, kwa sababu mbu ndio wanaoeneza ndui. Dawa ya minyoo iwe fenbendazoli. Piperazini, ambayo ndiyo rahisi kupatikana, inatoa minyoo mikubwa na kumwacha yule mdogo wa utumbo mpofu palepale.