Damu haipimwi kwa macho

Mimi ni muuguzi mkunga, na sehemu kubwa ya kazi yangu imepita leba. Kwa miaka mingi damu inayomtoka mama baada ya kujifungua tumekuwa tukiikadiria kwa kuangalia. Unatazama kanga zilizolowa, unatazama mpira wa kitandani, unaandika kwenye faili: mililita 200. Faili linalofuata, 200. Linalofuata, 250. Shida ni kwamba jicho huona pungufu, na damu ikizidi ndivyo linavyozidi kukosea. Mama aliyepoteza lita nzima anaandikiwa nusu lita, na kila mtu anaendelea na kazi nyingine.

Mwaka 2023 yalitoka matokeo ya utafiti wa E-MOTIVE, ambao nauheshimu kuliko mwingine wowote niliousoma, kwa sababu ulifanyika kwenye wodi kama zetu: hospitali 80 za Kenya, Tanzania, Nigeria na Afrika Kusini, wanawake zaidi ya 210,000. Nusu ya hospitali hizo ziliendelea kama kawaida. Nyingine zilipewa shuka la plastiki lenye mfuko wa kupimia damu, unaotandikwa chini ya mama, wenye mistari ya mililita. Damu ikizidi kiwango, matibabu yote yanatolewa kwa mkupuo: kukanda kizazi, oksitosini (dawa ya kubana kizazi), asidi ya traneksamiki (dawa ya kusaidia damu kuganda), dripu, kisha kumkagua mama na kuita msaada. Kutokwa na damu kupita kiasi, pamoja na upasuaji na vifo vinavyotokana nako, kulishuka kutoka asilimia 4.3 hadi 1.6.

Lakini namba iliyoninyima usingizi ni nyingine. Katika hospitali zilizoendelea kama kawaida, karibu nusu ya wanawake waliotokwa na damu nyingi hawakugundulika, na asilimia 19 tu ndio walipata matibabu yote kwa pamoja. Dawa hizo hazikuwa ngeni. Oksitosini tunaijua sote. Traneksamiki ilishathibitishwa tangu 2017 kuwa inaokoa maisha ikitolewa ndani ya saa tatu. Tulikuwa tunazitoa moja moja: hii kwanza, tusubiri, ile baadaye, tumpigie daktari, tusubiri tena. Mama anaishiwa damu huku sisi tunafuata foleni.

Niliona tofauti zamu moja ya usiku. Mama wa uzazi wa tatu, mtoto ameshalia, kondo limetoka zima, kila mtu anapumua. Binti aliyekuwa mafunzoni kazini akainama kusoma mfuko.

"Sista, imefika 350. Na mapigo ni 112."

Hakusema "naona kama anatoka damu". Alisema namba, na namba haibishaniwi. Mwenzangu akaanza kukanda kizazi, mimi nikaweka kanula ya mshipani na oksitosini, binti akavuta traneksamiki gramu moja, akaisukuma taratibu kwa dakika kumi nzima macho yakiwa kwenye saa ya ukutani. Daktari wa zamu alipofika damu ilikuwa imepungua, na mama anauliza kama mtoto amefunikwa vizuri.

Hilo liliwezekana kwa sababu sanduku la dawa lilikuwa humo humo chumbani. Niliwahi kufanya kazi mahali ambapo traneksamiki ilifungiwa kabatini na ufunguo anao mtu aliyeko jengo jingine. Ushahidi gani wa kisayansi utapita kwenye kufuli hilo?

Marekani kuna tuzo ya ubora wa uuguzi iitwayo Magnet, iliyotokana na utafiti wa 1983 uliochunguza hospitali 41 zilizoweza kubaki na wauguzi wao wakati hospitali nyingine zilikuwa zinakimbiwa. Ninachokipenda humo ni kwamba hospitali inatakiwa kuonyesha matokeo ya wagonjwa kwa takwimu, na kuonyesha kwamba wauguzi wenyewe wana sauti katika maamuzi. Kwetu, wakaguzi wakija huangalia kama mwongozo umebandikwa ukutani. Ningependa wamwite muuguzi wa zamu, yeyote, wamuulize: mama wa mwisho kujifungua hapa alipoteza damu kiasi gani, umejuaje, na ungefanya nini bila kusubiri ruhusa?

Mwisho wa 2023 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza damu ipimwe kwa kifaa na matibabu hayo yatolewe pamoja. Kwa hiyo viongozi wa wodi, mifuko hiyo iingizeni kwenye bajeti kama mnavyoingiza glavu, isiwe kitu cha mradi kinachoisha mradi ukiisha. Na kama stoo imekauka leo, mzani upo: pima kanga na pedi zikiwa kavu, zipime tena zikishalowa, toa uzito wa mwanzo. Gramu moja ni karibu sawa na mililita moja. Andika hiyo kwenye faili.